Kadi ya Mbio za Miyuji

"Kadi zimebaki mbili," Zaidi aliniambia.

Tulikuwa nyuma ya ghala la nta pale stesheni ya Gulwe, Jumamosi ya mnada, jua la saa nne likitupiga utosini. Yeye alisimama upande huu wa mizigo, mimi upande ule, kila mmoja akitazama kwake kama watu wasiojuana. Ndivyo tulivyozoea kuzungumza tangu sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani mwezi wa kwanza, na sasa ilikuwa mwezi wa tano. Hata uso wake nilikuwa nauona kwa kuuiba.

"Mbili zimetoka wapi? Si uliniambia umezichoma zote?"

"Nilichoma nne, Dorka. Nilidhani Mgiriki alitoa nne tu. Kumbe alitoa sita. Sasa amefunga duka lake la picha kule Dodoma, amerudi pwani, na makorokoro yake yote amemwuzia Bi Mwanahawa. Kasha lenyewe liko pale mnadani, tangu asubuhi watu wanalichokora."

"Mungu wangu! Na Yotham?"

"Yuko zamu mpaka gari moshi lipite. Likishapita tu, wallahi, atakuja mbio. Unamjua alivyo kwa kadi."

Nani asiyemjua? Yotham, mchumba wangu, karani wa tiketi, alikuwa na ugonjwa mmoja tu duniani, nao ni kadi za picha za michezo. Zile zinazokaa ndani ya paketi za sigara: wanamieleka wenye masharubu, wapanda farasi, wapiga makasia, wanaume wa Ulaya juu ya baiskeli. Wasafiri wakitupa paketi dirishani, Yotham huyo anakimbilia. Kila mnada, kila kasha la vitu kuukuu, yeye alikuwa wa kwanza kuinama na wa mwisho kuinuka. Alikuwa na kadi zote alizozitoa Mgiriki za michezo ya sikukuu ya Kaisari iliyofanyika Dodoma, za kuvuta kamba na za kupanda mlingoti uliopakwa mafuta, isipokuwa kadi moja, ya mbio za kutoka Miyuji hadi stesheni. Aliitafuta hiyo kama mtu anayetafuta ng'ombe wake aliyepotea.

Na katika kadi hiyo, jamani, alisimama mshindi, Zaidi wangu, kifua wazi, anacheka. Mkononi mwake amevaa shanga zangu.

Ngoja nieleze, maana asiyejua ukoo wa kina Yotham atasema shanga ni shanga tu. Kwao, siku ya posa, mama wa kijana humfunga binti shanga kwa mkono wake mwenyewe, na hazifunguliwi mpaka siku ya harusi. Binti akizifungua, amemkataa mume mbele za watu, na ng'ombe wote wa posa wanarudi. Kijana akizifungua yeye, basi yeye ndiye aliyekataa. Ng'ombe wanabaki kwa binti, na aibu anaibeba yeye na mama yake.

Ng'ombe wangu walikuwa wameshakwenda mbali. Kaka yangu Kefa alioa kwa ng'ombe hao hao. Walipelekwa Kibakwe, kwa baba yake Anyesi, na Anyesi akaletwa nyumbani kwetu, mchapakazi, mcheshi, na sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Kina Yotham wakidai ng'ombe wao, baba yake Anyesi angekuja kumchukua binti yake na mimba yake. Alikuwa ameshasema hivyo siku ya harusi, bila kucheka.

Sasa niulize, nilizifungua kwa nini? Ujinga. Mapenzi. Tulikwenda Dodoma na kwaya, na Zaidi akaniambia, "Nipe kitu chako chochote, nikimbie nacho." Nikampa. Nilisema ni kwa muda mfupi tu, akimaliza atanirudishia, na kweli alinirudishia kabla jasho halijamkauka. Lakini Mgiriki na sanduku lake la picha alikuwa ameshawahi.

"Ondoka, Zaidi," nikamwambia. "Mtu asikuone karibu na kasha lile."

"Nikuache peke yako?"

"Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na mimi, binti wa Methusela mzee wa kanisa, tunachokora kasha moja? Unataka baba anizike?"

Bila kugeuka, akasema polepole, "Dorka, hii hofu mpaka lini?"

Nikashika njia ya mnadani. Ningejua ningemwambia.

Bi Mwanahawa alikuwa ametandika jamvi lake chini ya banda la nyasi. Chupa tupu, vifungo, taa bila kioo, buti moja bila mwenzake, na katikati kasha la mbao limejaa karatasi.

"Karibu, binti yangu! Chagua, vyote vya Mzungu hivi."

"Si Mgiriki?"

"Mgiriki si Mzungu? Chagua bwana!"

Nikapiga magoti. Nikapekua. Picha za mabehewa, picha za Wazungu na mbwa wao, bibi mmoja mnene na mwavuli. Kila aliyepita nyuma yangu nilidhani ni Yotham. Kwa mbali nikasikia gari moshi linapiga honi kuingia stesheni, nikaanza kupekua kama kuku.

"Taratibu, utanichania!" Bi Mwanahawa akapaza sauti. "Unatafuta nini hasa?"

"Natafuta... picha ya kubandika ukutani."

Na hapo nikaiona. Zaidi ananichekea kutoka chini ya bibi wa mwavuli, mkono ameuinua juu, na shanga zangu zinaonekana moja moja, mpaka kile kifungo cha shaba alichokishona mama yake Yotham mwishoni. Nikamtupia Bi Mwanahawa hela zangu bila kuuliza bei, nikaipenyeza kadi kwenye mkunjo wa kanga, kiunoni, nikaendelea kutafuta ya pili. Nilipekua mpaka chini kabisa. Haikuwemo.

"Dorkasi?"

Sijui kama umewahi kusikia jina lako likakutia baridi juani.

Yotham alikuwa amesimama juu yangu na kofia yake ya reli, mrefu, mwembamba, kisanduku chake cha bati kwapani. Alikuwa anatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, Yotham. Hilo ndilo lililokuwa likinitesa usiku na mchana. Angekuwa mlevi au mpigaji ningelala usingizi.

"Na wewe siku hizi unatafuta kadi?" aliuliza.

"Mimi? Hapana. Nilikuwa... nilitaka kukutafutia wewe."

"Mimi?" Uso wake uliwaka, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Akachuchumaa kando yangu. "Umenitafutia nini? Mwanamieleka yule wa namba ishirini na tatu? Huyo hapatikani, nimemwulizia mpaka Kilosa."

"Sijapata kitu. Kasha lenyewe bovu. Twende, Yotham, jua kali."

"Subiri kidogo." Akaanza kupekua. Alikuwa anashika kila kadi pembeni kwa vidole viwili, anaipuliza vumbi, anaigeuza, anairudisha. "Hii ya mabehewa. Hii mbwa. Unajua, Dorkasi, watu wanafikiri mimi napenda picha. Sivyo. Napenda kwamba mtu alikimbia siku moja, akashinda, na bado anashinda mpaka leo. Ukiitazama kadi, bado anashinda."

"Ndiyo," nikasema.

"Hii ya mbio za Miyuji, kwa mfano."

Nikajifanya natazama vifungo jamvini.

Aliinua macho akaangalia kwanza kulia, kisha kushoto. Bi Mwanahawa alikuwa anabishana na mteja kuhusu buti. Yotham akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo sana, "Hiyo uliyoificha kiunoni, nimekuona, usiipinde. Kadi ikipindwa haifai tena."

Wee! Nikajitia ujinga.

"Kadi gani?"

"Dorkasi."

"Yotham, mimi sijui unasema..."

Akafungua kisanduku chake cha bati. Juu kabisa, mbele ya wanamieleka wote, ilikuwa imelala kadi ya sita. Zaidi, mkono juu, shanga.

"Ninayo tangu mwezi wa pili," akasema. "Fundi mmoja wa reli alikuwa nayo. Nilimpa wanamieleka wawili."

"Tangu mwezi wa pili?" Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Na umekuja kwetu kila Jumapili. Umekula kwetu. Umekaa na baba yangu, mkaimba pamoja."

"Ndiyo."

"Na hukusema neno!"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kila Jumapili nilisema, leo ataniambia. Ukinipa maji nanawa, nakutazama mkono, naziona shanga zimo, nasema, labda picha inadanganya." Akafunga kisanduku. "Picha haidanganyi, eti?"

"Niliogopa, Yotham."

"Hata mimi."

"Wewe unaogopa nini? Mimi ndiye nitakayeuawa!"

"Kukuuliza. Nikikuuliza utanijibu." Alivua kofia, akaivaa tena. "Basi leo nakuuliza. Unampenda?"

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na mishipa ya shingo imesimama. Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uongo mzuri, niliupanga miezi minne, kwamba Zaidi aliziokota, kwamba zilifunguka zenyewe. Lakini alikuwa ananitazama hivi, na mimi nikashindwa.

"Nampenda," nikasema. "Nisamehe. Nampenda mpaka naumwa."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu aliyesomewa barua aliyokwisha kujua yaliyomo.

"Utafanya nini, Yotham?"

"Sijui."

"Utamwambia mama yako?"

"Nimesema sijui, Dorkasi."

"Anyesi atarudishwa Kibakwe. Ana mimba ya miezi saba. Nipige mimi, nilaumu mimi, lakini Anyesi..."

"Nyamaza," akanikata, akiwa anatazama nyuma ya bega langu. "Mama huyo anakuja."

Mama yake Yotham alikuwa mfupi, mnene, ana chungu kipya kichwani na hatua za mtu asiyepishwa njia na yeyote. Nilimwogopa tangu siku ya posa. Alinipenda sana, na ndiyo maana nilimwogopa zaidi.

"Ndiyo hawa wachumba!" akaita toka mbali. "Nimezunguka mnada mzima. Kumbe mko kwenye makaratasi!"

Sasa, mkwe akija hupigi soga umesimama. Unashuka chini, magoti yote mawili, mikono mbele, na macho chini. Ndivyo nilivyolelewa, na mwili wangu ulifanya kabla akili haijauliza. "Mbukwenyi, mama. Shikamoo." Nilitoa salamu ya Kigogo na ya Kiswahili, nikainama.

Mkunjo wa kanga ukalegea. Kadi ikateleza, ikaangukia pale pale mbele ya miguu yake, uso juu.

Nilisikia Yotham anavuta pumzi.

"Umeangusha kitu, mwanangu," mama akasema, akatua chungu, akainama kuiokota. Nilitaka kuinyakua. Akaniwahi. Akaitazama kwa mbali, akaisogeza karibu. "Kijana mzuri huyu. Si yule Mrangi wa nta? Aliyeshinda..."

Kidole chake kikasimama juu ya shanga.

Mama yule hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini shanga zile alizitunga yeye, siku tatu amekaa kwenye kigoda anahesabu nyeupe na nyeusi, na kifungo kile cha shaba kilitoka kwenye koti la marehemu mumewe. Akaitazama picha. Akanikamata mkono, akautazama. Akarudia picha.

"Dorkasi," akasema, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo, ilikuwa imeingiwa na hofu. "Shanga zangu zimefikaje hapa?"

Watu walianza kugeuka. Bi Mwanahawa aliacha buti lake. Kule kwenye ghala nilimwona Zaidi ametoka mbele ya mizigo, amesimama wazi, mikono imemlegea. Nikafungua mdomo. Niliona tumbo la Anyesi. Niliona mkokoteni wa baba yake ukija kumchukua. Niliona baba yangu anasimama kanisani na hawezi kuinua uso.

"Nani alizifungua?" mama akauliza tena.

"Mimi," Yotham akasema.

Wote tukamgeukia.

"Wewe? Wewe mwanangu?"

"Mimi, mama. Nilizifungua mimi. Siku ile kwaya ilipopanda gari moshi kwenda Dodoma, mimi nilikuwa zamu, sikupata ruhusa. Nilitaka sana kukimbia zile mbio. Unajua nilivyo. Nikamshika Dorkasi mkono pale dirishani, nikazifungua, nikampa Zaidi aende akakimbie nazo kwa niaba yangu." Alimeza mate. "Nilitaka na mimi niwe na kitu ndani ya picha. Dorkasi alikataa. Nikamlazimisha."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Yotham." Mama alishika ukingo wa banda. "Wewe si mtoto. Unajua maana yake ni nini kijana akizifungua?"

"Najua."

"Rudia. Rudia watu wasikie, nisije nikasema nimeota."

Yotham akageuka kidogo, uso wake ukawa kwangu. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama katika Jumapili zote zile, bila haraka, kama mtu anayetazama kitu dukani kabla mlango haujafungwa. Nilijua, Mungu anajua nilijua, kwamba nikisema neno moja ataacha. Sikusema.

"Nilizifungua mimi," akarudia kwa sauti ya kuita abiria. "Dorkasi hana kosa. Posa imevunjika kwa mkono wangu. Ng'ombe hatudai."

"Haya makubwa!" Bi Mwanahawa akashika mdomo.

Kofi la mama yake lilimpata shavuni, na kofia ikaruka. Kisanduku cha bati kikamponyoka kwapani, kikafunguka, na wanamieleka na wapanda farasi wakamwagika vumbini. Nikaona Zaidi anakuja, anapasua watu, uso wake umekaza kama mtu anayekwenda kusema ukweli. Nilimtikisia kichwa. Nilimtikisia kwa nguvu zangu zote. Akasimama.

Yotham aliinama kana kwamba anaokota kofia, karibu na goti langu, akaninong'oneza bila kuinua uso. "Nitukane."

"Nini?"

"Umeachwa mbele ya mnada mzima, na umenyamaza. Watu wanatazama, mama anakutazama. Hawataamini. Nitukane, Dorkasi."

"Siwezi."

"Anyesi," akasema. Neno hilo tu.

Nikasimama. Nikamnyooshea kidole mtu yule, na nikafungua kinywa.

"Mshenzi wewe!" Sauti ilitoka, nikashangaa kwamba ni yangu. "Mwanamume gani wewe? Miezi yote hii nakufulia kanzu, nakupikia, kumbe unanichezea kama makaratasi yako! Mwanamume wa kuchokora takataka!"

"Ongeza," akanong'ona.

"Nani atakubali kuolewa na wewe? Nani? Utazeeka na picha zako! Utakufa peke yako stesheni!" Na hapo machozi yalinitoka, siyo ya kuigiza, yalinitoka mpaka sikuona kitu, nikawa natukana na kulia, natukana na kulia. Kila tusi lilikuwa neno la asante ambalo sitaweza kumpa hata siku moja, wala kwa barua, wala kwa kumwagiza mtu. Alisimama kichwa chini, shavu limevimba, akayapokea yote.

"Basi, mwanangu," mama yake akasema. Alikuwa amenishika mabega, na yeye analia. "Basi, inatosha. Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Nisamehe mimi. Kwa jina la Bwana, nisamehe."

Akanivuta kifuani kwake, mama yule niliyemdanganya, akanipapasa mgongo kama anayembembeleza mtoto. Alinuka moshi na udongo wa chungu kipya. Nikamkumbatia, maana nilikuwa naanguka.

Juu ya bega lake nilimwona Yotham amepiga magoti vumbini. Alikuwa anaokota kadi zake moja moja, anaipangusa kila moja kwa mkono wa koti, anaipuliza, anairudisha kwenye bati. Watu walikuwa wanazikanyaga wakipita. Hakuna aliyeinama kumsaidia, na mimi sikuweza.